Makopo Sita ya Garri

Ita-Oromi, Ijebu
9 Novemba 1991

Mdogo wangu Sobowale,

Pokea salamu zangu, za Baba Tiwa, na za wote wanaoniuliza kila Jumapili yule kijana aliyemezwa na kaskazini ataoa lini. Huwajibu kwamba umeshaoa chupa za maabara na mmejaliwa vichupa viwili. Wao hucheka. Mimi sicheki sana. Una miaka thelathini na mbili, Sobo.

Huku tu wazima. Mvua ya mwisho iliezua paa la jikoni, Baba Tiwa akaligongomea upya kwa misumari yake ya viatu, na sasa likivuja anasema hilo ndilo paa la kisasa. Tiwa ametimiza miaka mitano na ameanza shule. Mtoto niliyemngoja miaka kumi na moja, wakwe wakinitazama tumbo kila nikiingia uani kwao, leo anatoka asubuhi bila hata kugeuka kuniaga! Jina lake anaandika mpaka herufi ya tatu, halafu anachoka, anachora kuku.

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Kijiji cha ng'ambo ya mto, nyumba moja ilikula garri ya muhogo jioni, asubuhi wakazikwa watatu. Muuzaji alikuwa na haraka. Alikuna muhogo leo, akaukamua kesho, akaukaanga, akaupeleka sokoni na sumu yake yote ndani. Tangu siku hiyo watu wanapita mbele ya meza yangu kama wanapita kaburini. Mimi, binti wa Mama! Mimi ninayeacha muhogo uchache siku saba mpaka ugwadu wake unakunja uso! Jana mwanamke mmoja aliniuliza, "Mama Tiwa, na yako ina sumu?" Nilimwambia akaonje ya mumewe kwanza.

Lakini matusi hayauzi garri, na ghalani nina magunia niliyoyaweka tangu Juni nikingoja kiangazi. Kwa hiyo nakutumia makopo sita, moja la kila mwezi, Juni mpaka Novemba. Dereva wa lori la maharage anayerudi huko Maiduguri atakuletea mkononi. Pima. Kisha niandikie karatasi yenye mhuri, mhuri mkubwa, wa kuonekana na mtu aliye upande wa pili wa soko.

Mashemeji wanakusalimu. Wako kazini wote wanne, vile vizito ulivyomimina kwa risasi ya betri kuukuu za malori, enzi zile unajifunza kazi kwa fundi betri Ijebu-Ode, ili Mama aache kuvunja mgongo kwa kubeba mawe. Si unakumbuka alivyowapa jina? "Hawa ni mashemeji, wakija wanakaa." Mpaka leo wanakalia muhogo wangu kapuni, wakiukamua maji, siku zote saba. Pembe zao zimelika, wamekuwa mviringo kama sabuni iliyotumika. Tena huota unga mweupe juu, wanga unaokaukia pale, nami huukwangua nikaurudisha kapuni, maana sipendi kitu kipotee. Siku hizi Tiwa ananiwahi. Anaulamba, anasema ni mtamu kuliko peremende. Huyo ndiye mtoto wa muuza garri!

Jibu upesi.

Dada yako,
Efunyemi

---

Maiduguri
14 Desemba 1991

Dada yangu Mama Tiwa,

Nakusalimu kwa magoti yote mawili, ingawa sakafu ya huku ina vumbi na suruali ni hii moja ya kazini. Upepo wa kiangazi umeshashuka kutoka jangwani. Ukifunga dirisha unapika mwili, ukifungua unakula mchanga. Mimi mzima. Kuhusu kuoa, waambie wanaouliza walete mchumba na nauli.

Makopo yote yamefika, moja limebonyea. Nilianza nayo siku hiyo hiyo. Tunafanya hivi: garri kidogo na maji kwenye kichupa, juu yake naning'iniza kipande cha karatasi ya manjano, nafunga kizibo, naacha mpaka kesho yake. Kama muhogo una sumu yake ile, inapanda kama mvuke na karatasi inageuka nyekundu ya kahawia kama kola. Garri niliyonunua soko la hapa iligeuka. Za kwako, dada, zilikuwa manjano kama asubuhi ile nilipozikata. Zote sita! Hata ya Juni, iliyokaa ghalani miezi mitano. Nilimwita mkuu wangu aje aone, akasema, "Huyu mama yuko wapi tumpe kazi?" Nikamwambia huyo hafanyi kazi kwa mtu, anawafanyisha watu kazi.

Karatasi yako hii hapa na mhuri wake. Nimeugonga mara mbili. Garri iliyobaki nimeihifadhi kabatini na makopo yake.

Uliponitajia mashemeji nilimkumbuka Mama. Mama alikufa kabla sijapata mshahara wangu wa kwanza. Kitambaa sikumnunulia, dawa sikumnunulia. Vizito vile ndivyo kitu pekee nilichomfanyia kwa mikono yangu, na kujua kwamba bado vinakupunguzia kazi kunanifanya nijione mtu.

Uza garri yako, kula garri yako, tembea kifua mbele. Tiwa mwambie mjomba anataka herufi ya nne.

Mdogo wako,
Sobowale

---

Ita-Oromi
26 Januari 1992

Sobo wangu,

Uishi miaka mingi na nywele zako zisikuishe. Sisi tunaendelea. Baba Tiwa amepata kazi ya kushona viatu vya kwaya nzima, ishirini na wanne, na wote wana miguu mibaya.

Karatasi nimeitundika juu ya meza, nimeivika nailoni. Watu wanaisoma hata wasiojua kusoma. Yule mwanamke niliyemwambia akaonje ya mumewe alirudi, akanunua kimya kimya, nami nikampimia kimya kimya, ila nilijaza kopo mpaka likamwagika, aone. Magunia yamekwisha manne. Asante, mdogo wangu. Umeniinua mbele ya watu.

Tiwa yupo. Anasumbuliwa na tumbo, linamkaza, choo hapati, na chakula anakisukuma. Minyoo tu. Bibi wa jirani alisema nipunguze garri, nikamwonyesha karatasi yako. Sasa namloweshea garri kwa maji baridi asubuhi na jioni, hiyo haikatai, na nimemruhusu aendelee kulamba utamu wake kwa mashemeji maana siku nyingine ndicho kitu pekee anachokitaka. Mwalimu anasema hajatulia, jana anajua, leo hajui. Nilimwambia mjomba wake alikuwa vile vile, na leo anagonga mihuri.

Herufi ya nne bado. Ila hao kuku anawachora vizuri.

Dada yako,
Efunyemi

---

Maiduguri
3 Machi 1992

Dada yangu,

Salamu kwako na kwa Baba Tiwa. Mimi mzima. Joto limeanza.

Nakuandikia kwa kifupi kwa sababu kazi ni nyingi, tumeletewa mashine mpya. Nina ombi moja, tafadhali ulifuate. Mashemeji usiwatumie tena. Watoe kapuni, uwaweke mbali na nyumba, utafute mawe ya mtoni. Na huo weupe Tiwa asiulambe. Kwa sasa mnunulieni garri ya mtu mwingine, aliye mwaminifu, na mtoto apate maziwa na mboga za majani.

Usiniulize sababu kwenye barua. Ni mambo ya usafi, ya kitaalamu. Nitakuja nikueleze mwenyewe. Niliomba ruhusa, wamenikatalia, nitaomba tena.

Anaendeleaje tumbo? Niambie kila kitu, usinifiche.

Mdogo wako,
Sobowale

---

Ita-Oromi
12 Aprili 1992

Sobowale,

Nakusalimu. Barua yako ya Machi nimeisoma mara tatu, kila mara nikitafuta ni ya nani. Ndugu yangu hanisalimu kwa mstari mmoja.

Ninunue garri ya mtu mwingine? Mimi? Nipite sokoni na kopo, chini ya karatasi yenye mhuri wako, nikaombe garri kwa jirani? Watu wataniuliza nini, nami nitawajibu nini? "Ni mambo ya usafi"? Hivyo vizito navisugua kila wiki kwa maji ya muhogo wenyewe mpaka vinang'aa! Kama umeshakuwa mtu wa mashine, ukaona haya kwamba uliwahi kushika betri na kuunguza vidole kwa fundi, sema. Mimi sioni haya. Mama alipokuwa anakufa aliniambia nisiwauze wala nisiwaazime, kwa kuwa ndio mkono wa mwanawe. Leo mwanawe anasema watupwe mbali na nyumba.

Hata hivyo nilijaribu, usije ukasema sikutii. Wiki moja niliweka mawe. Yaliteleza, maji hayakutoka, garri ikaota ukungu gunia zima. Nimewarudisha mashemeji mahali pao.

Umeniuliza Tiwa. Hajambo. Safari hii hakukuchorea kuku, amelala. Analala sana.

Efunyemi

---

Maiduguri
27 Aprili 1992

Dada yangu, Mama Tiwa, mama yangu wa pili,

Nisamehe sisalimu kwa urefu. Barua yako imefika leo. Niliposoma neno "amelala" niliomba kalamu pale pale posta.

Mtoe Tiwa nyumbani sasa hivi. Mpelekeni hospitali kubwa, Ijebu-Ode kama Ibadan ni mbali, na mkifika waambie neno moja: risasi. Si homa, si minyoo. Waambie mtoto amelishwa risasi muda mrefu. Kuna dawa ya kuivuta itoke mwilini. Wakikosa wao, waulize nani anayo.

Mashine yetu mpya inasoma madini ndani ya chakula. Tulipokuwa tunafundishwa kuitumia tuliambiwa kila mtu alete chakula chochote cha kujaribia, nami nikaenda kabatini nikachukua makopo yako, kwa majivuno, nikijua ni garri safi. Yote sita yalikuwa na risasi. Karatasi ya manjano haiwezi kuiona, inaona sumu ya muhogo tu. Niliulizwa swali moja, nikajibu hilo, nikagonga mhuri juu yake kana kwamba nimejibu yote.

Imetoka kwa mashemeji. Ule ugwadu tunaojivunia ndio unaowala. Muhogo wa siku moja usingewafanya kitu. Wetu sisi, wa siku saba, unawayeyusha pole pole, pembe zikawa mviringo. Na ule weupe si wanga, dada. Ni risasi yenyewe iliyoliwa na uchachu. Ina utamu. Uliniambia tangu Novemba, kwa mkono wako, nami nikacheka nikageuza ukurasa.

Wewe hukukosea. Uliufanya muhogo kama Mama alivyokufundisha, na Mama hakuwa na vizito vya risasi mpaka nilipompelekea mimi. Mimi ndiye niliyeyeyusha betri, mimi ndiye niliyemimina.

Usikaange tena. Usiuze iliyobaki. Simu ya posta haipiti kusini, wanasema waya zimekatika. Petroli hakuna, mabasi yamesimama wiki ya pili. Barua hii nampa dereva wa maharage, kabahatisha mafuta ya magendo. Nitafuata.

Mkimbize mtoto. Nakuomba.

Sobowale

---

Ita-Oromi
7 Juni 1992

Sobowale,

Salamu zetu. Baba Tiwa yupo, hashiki sindano. Viatu vya kwaya wamekuja kuvichukua vikiwa havijaisha.

Tiwalade alikufa tarehe 2 Mei, siku ya Jumamosi, adhuhuri.

Katika barua yangu ya Aprili nilikuficha. Alipokuwa "amelala" alikuwa ameanguka siku mbili kabla, amekaza meno, mikono inatetemeka, na alipoamka aliniita jina la jirani. Sikuandika kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe, na kwa sababu niliona nikiliandika litakuwa kweli. Mpaka katikati ya Machi alikuwa anakwenda shule kwa miguu yake. Mwisho wa Machi miguu yake ikawa inaburuta, nikamcheka, nikamwambia anatembea kama bibi. Nilimcheka, Sobo. Aprili yote nilimbeba mgongoni.

Tulimpeleka Ijebu-Ode tarehe 29. Walisema malaria imepanda kichwani. Walimtundikia maji. Nami nilikuwa nimebeba garri kwenye mfuko, yetu, naiwahi kuilowesha kila akifungua macho, kwa vile ilikuwa safi na yenye karatasi. Ya mwisho alikunywa vijiko vitatu. Kanishika kidole.

Dereva wa maharage alifika tarehe 9, siku kumi na mbili njiani akipanga foleni ya mafuta. Kaburi lilikuwa na wiki moja. Alinipa barua yako kwa mikono miwili, akanipa pole, akasema, maskini wa Mungu, kwamba laiti angejua angekuja haraka zaidi, tena alikuwa peke yake, kiti cha pembeni kilikuwa kitupu njia nzima.

Niliisoma mpaka mwisho. Kisha niliteremsha karatasi yako sokoni. Nilikwenda nyumba moja baada ya nyingine, kwa kila mtu niliyekumbuka kumuuzia, nikawaambia garri yangu ina risasi, watupe, wawapeleke watoto wakapimwe. Wengine walilia na mimi. Wengine walinifukuza, mmoja alinitemea mate miguuni, na ana haki. Ana mapacha. Magunia yaliyobaki watu wa afya wameyachukua, pamoja na vile vizito. Sijauliza wamevipeleka wapi.

Barua yako niliipeleka kwa daktari wa Ijebu-Ode. Aliisoma yote. Aliikunja, akanirudishia, akasema, "Mama, hii ingetusaidia sana." Nikasema najua. Halafu akaniuliza, "Huyu ndugu yako alijua lini?"

Nilirudi nyumbani nikazitoa barua zako nikazipanga. Hii ya Aprili imesema mashine ni mpya, imesema ulichukua makopo, haikusema tarehe. Ile ya Machi inasema nitupe vizito, haisemi kwa nini. Ungeniambia kwa nini, ningewatupa siku hiyo hiyo, hata Mama angefufuka akanizuia. Unanijua. Kwa hiyo nauliza mimi sasa, kwa niaba ya daktari na kwa niaba yangu.

Tarehe 3 Machi, ulipokaa kuniandikia, ulikuwa umeshajua?

Sitaki pole. Sitaki uniambie nani ana kosa, hilo umeshalisema na ninalo langu la kubeba. Usije pia. Nijibu hilo tu.

Efunyemi

---

Maiduguri
21 Juni 1992

Dada,

Nilijua.

Mashine ilisoma kopo la kwanza tarehe 12 Februari, saa nne asubuhi. Mpaka saa nane nilikuwa nimesoma yote sita. Jioni ile ile nilitoa barua yako ya Novemba nikaisoma tena, na nilipofika mahali pa peremende nilijua kila kitu ninachokijua leo.

Niliandika usiku huo ukweli wote, jina la madini, jina la dawa, na kwamba mtoto akimbizwe. Sikuituma. Kesho yake nikaandika nyingine. Niliandika sita. Kila moja ilifika mahali pa kusema nani aliyemimina vizito vile, na kila nilipofika hapo nilikuona wewe ukisoma, nikamwona Mama, nikaikunja. Ya saba nilipaacha mahali hapo, na kupaacha hapo kukanilazimu niache yote. Hiyo ndiyo uliyoipata.

Ruhusa sikuwahi kuiomba. Kiti cha lori nilikikataa mwenyewe, dereva aliniita mara mbili.

Siku ishirini kabla ya barua ile ya Machi, dada. Nilijua Tiwa akiwa bado anatembea.

Sobowale